Shubiri Nyeupe Katika Mkeka wa Shangazi

Shangazi yangu Mwanahawa alipofariki na matanga yakaanuliwa, tuligawana vitu vyake. Kaka zangu walichukua sanduku la mvule na saa ya ukutani. Wake zao walichukua kanga, nyingi zikiwa doti mpya ambazo hazijakatwa. Mimi nikaomba mkeka. Walinicheka, na sikuwalaumu, maana kwa macho ya mtu asiyejua, ule mkeka hauna mpango hata kidogo. Kijani inaanza na kukatika, nyeusi inapita, zambarau inakwenda mpaka unaichoka, halafu inakuja nyekundu ndefu. Na pale zambarau inapokutana na nyekundu pameungwa kipande cheupe kisichotiwa rangi, kifupi, kama mshonaji aliishiwa akaokota chochote. Zainabu, binti wa kaka yangu mkubwa, msichana msomi mwenye ulimi, akasema maskini Bibi, macho yalikuwa yamemwishia. Nikamwambia macho ya bibi yako hayakupata kuisha mpaka siku anaingia kaburini, na huo mkeka nipeni hivyo hivyo ulivyo.

Nilipoukunjua nyumbani kwangu ukatoa harufu. Wenzangu wa rika langu mnaijua: miyaa iliyochemshwa kwenye sufuria kuukuu, rangi ya unga, moshi wa vifuu. Nikakaa chini. Nilijiona nimerudi uani kwetu Mabawa, Tanga, nina miaka minane hivi, nimekalia kinu ambacho kila siku nakatazwa kukikalia, na mbele yangu wanawake saba wanane wamenyoosha miguu, vidole vinasuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa ukawa mkeka, masikio yote yako kwa shangazi yangu.

Zamani zile hatukusema filamu. Tulisema picha, na nyumba yenyewe tukiiita sinema. Mjini siku moja kwa juma, alasiri, picha ilikuwa ya wanawake peke yao, na nyingi zilikuwa za Kihindi, ndefu, zenye nyimbo na machozi. Ungewaona wamejipanga na mabuibui yao, udi unanukia mpaka barabarani. Lakini si wote waliopata ruhusa. Mama yangu hakupata. Bi Riziki, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mumewe alisema akitaka kuona watu wanalia aende msibani. Shangazi yeye alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuolewa na kuachika, amerudi kwa kaka yake, na baba yangu alikuwa mpole kwake. Kwa hiyo alikwenda. Alikwenda kwa niaba ya mtaa mzima, na mtaa mzima ulimngoja arudi.

Siku ya pili yake, baada ya sala ya alasiri, walikuja mmoja mmoja na mafungu yao ya miyaa. Na hapo palikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine. Shangazi hakusuka siku za kuhadithia, kwa sababu mikono yake ilikuwa inahadithia pia. Basi Bi Riziki, ambaye mkono wake ulikuwa hauharakishi wala haulegei, alisuka kwa niaba yake. Alianza ukili mpya hadithi ilipoanza na kuukata hadithi ilipokwisha, na ukili huo ukawa wa Shangazi. Rangi aliichagua Shangazi mwenyewe kabla hajafungua mdomo. Akisema nyeusi, wanawake walijua leo kuna kifo. Akisema kijani, walikaa vizuri wakijua watacheka. Na ukili ule ulikatwa ukapimwa, hivyo hata picha zenyewe tulizitaja kwa urefu. Ilikuwako picha ya pima moja, nyepesi, ya kupitishia siku. Ilikuwako ya pima mbili. Mtu angesema, "Ile ya pima mbili na nusu, ya yule kipofu," na wote wakaguna.

Sisemi haya kwa sababu ni shangazi yangu. Nimekwenda sinema nyingi baada ya hapo, Tanga na Dar es Salaam, nimeona picha za rangi na za vita na za safari za mbali, na sijaona aliyemfikia. Steringi, shujaa wa picha, alipopanda farasi, mabega yake yeye ndiyo yaliyopanda na kushuka. Mama mkwe alipoingia, Shangazi alivuta mdomo upande, na kila mke aliyekaa pale alimwona mama mkwe wake. Nyimbo aliziimba kwa maneno ya Kiswahili aliyoyatia mwenyewe, na huwezi kujua wapi Mhindi ameishia na wapi Mwanahawa ameanza. Mahali pa kupumzika penyewe hakuparuka. Sinema walikata katikati taa zikawaka, naye alikata palepale. Alisema, "Nusu," akajifuta uso kwa upindo wa kanga, na watu walikwenda kwao kulala na roho juu mpaka kesho yake.

Kila alichokiona alikileta karibu nasi. Mwovu wa picha alikuwa nyapara wa shamba la mkonge, mwenye kofia na fimbo. Mto wa Uhindini ulikuwa na pantoni, na watu walivuka na mbuzi wao na matenga ya samaki. Mimi mto wenye pantoni niliusikia mmoja tu, wa Pangani, basi nikaweka akilini kwamba Uhindi ni ng'ambo ya Pangani. Nilipopelekwa huko harusini nilisimama ukingoni nikatazama Bweni kule upande wa pili, nikatafuta jumba la mfalme na nguzo zake. Nikaona minazi. Nikajiambia jumba liko nyuma ya minazi.

Na jingine niliweka akilini: kwamba Shangazi anajua Kihindi. Angewezaje kutuletea maneno yote yale, mke kasema hivi na mume kajibu hivi, kama hajui? Si mimi peke yangu niliyedhani. Yeye hakupata kusema anakijua. Ila hakupata kusema hakijui, na mtu asiyeulizwa hana la kujibu.

Sasa nije kwenye picha ya bangili, ndiyo iliyoufanya mkeka huu uwe hivi.

Siku ya kwanza Shangazi alichagua zambarau. Akaanza kwa harusi. Bibi harusi alikuwa na bangili za kioo toka kwenye kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko, na alipopika zililia, alipofua zililia, mumewe akimjua alipo kwa mlio tu hata bila ya kumwona. Kisha mume akapanda gari moshi kwenda kazini mbali. Mke akabaki na mama mkwe na tumbo la kwanza. Siku zikapita, akaja tarishi na barua. Mama mkwe akamwita mtu aisome. Mke kasimama mlangoni, anasikiliza, mara akapiga ukelele akaanguka.

Hapo Shangazi akatutazama mmoja mmoja. "Barua imesemaje?" akauliza. Kila mwanamke pale alikuwa analijua jibu, na lilikuwa limekaa kifuani kwake kama kipande cha muhogo kilichokwama. Shangazi akasema, "Imesema, nimeoa."

Wanawake wakaguna kwa pamoja. Bi Riziki hakuguna, lakini niliona amekaza ukili mpaka miyaa ikalia. Shangazi akaendelea. Mke akainuka pale chini, akachukua jiwe la kusagia bizari, akazivunja bangili zake zote, moja baada ya moja, damu inamtoka, akamwambia mama mkwe, mwambieni mwanenu asinitafute kwa mlio. Akatoka usiku ule ule, akavuka mto kwa pantoni na tumbo lake. "Nusu," akasema Shangazi. Ukili ulipimwa, pima mbili kamili, na picha haijaisha. Kabla hawajaondoka akawaahidi kwamba kesho ni nyekundu. Nyekundu ilikuwa ya furaha. Wakaondoka wamepona kidogo, wakijua mume atarudi kupiga magoti.

Miyaa myekundu haikuwapo. Asubuhi nikatumwa dukani kwa Mama Ramesh kununua rangi.

Mama Ramesh alikuwa mama wa Kihindi aliyeuza duka la pembeni, sukari, mafuta ya taa, nyuzi, na rangi za unga alizofunga kwenye vijikaratasi. Alivaa sari nyeupe siku zote. Na mikono yake ilikuwa mitupu. Wahindi wengine wa kike ukiwasikia wanapita ni mlio mtupu. Yeye hata kipete hana. Siku zote nilidhani ni uchoyo. Lakini asubuhi ile, nimesimama mbele ya meza yake na kichwa changu kimejaa picha, nikaitazama mikono ile nikaelewa kila kitu. Nilifurahi mno. Nilikuwa namjua mtu wa kwenye picha, na ni jirani yetu.

Nikamsalimu, nikaagiza rangi nyekundu, na alipokuwa anaifunga nikamwambia najua kwa nini hana bangili. Akauliza, kwa nini. Nikamwambia kwa heshima na adabu zote nilizofundishwa: "Uliletewa barua kwamba mumeo ameoa mke wa pili, ukazivunja kwa hasira."

Akaacha kufunga. Akaniuliza nani kanambia. Nikasema Shangazi Mwanahawa, ameona kwenye picha, na Shangazi anajua Kihindi chote. Nikamsimulia na gari moshi na tarishi na jiwe, ili ajue sisemi uongo. Hakunigombeza. Alikiweka kile kijikaratasi juu ya meza, akapita nyuma ya pazia, na hakurudi. Nilingoja mpaka miguu ikauma. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, na kwa vile moyo ulikuwa umeanza kunipiga bila ya kujua kosa langu, nikamwambia Shangazi duka limefungwa.

Alasiri wanawake walijaa kuliko siku zote, kwa hamu ya kumwona mume akipiga magoti. Bi Riziki alileta miyaa yake myeupe, akasema rangi au hakuna rangi yeye amekuja kusikiliza. Shangazi alikuwa anajiweka sawa kwenye kigoda chake, hajaanza, tukasikia hodi. Mama Ramesh akaingia uani, sari yake ameivuta kichwani, mkononi ana kile kijikaratasi cha rangi.

Lazima mjue jambo hili lilikuwa kubwa. Sisi tulikwenda kwao, dukani. Wao hawakuja kwetu. Mama yangu akakimbilia kiti, Mama Ramesh akakataa, akakaa chini kwenye jamvi kama wengine. Akamgeukia Shangazi, akasema naye kwa Kihindi. Alisema kwa sauti ndogo, maneno mengi, akinyamaza na kuendelea, na mara moja akaonyesha mikono yake.

Mimi juu ya kinu changu nilijaa fahari. Nilingoja Shangazi ajibu. Niliwatazama wanawake wote niwaone watakavyoshangaa wakisikia Kihindi kinamtoka. Na nitasema ukweli, angeweza kudanganya. Mtu mwenye kipaji kile angeweza kuinamisha kichwa, akaguna mahali pa kuguna, akashika mkono wa mgeni akasema ana kichwa kinauma, mambo yakapita. Jina lake lote lilikuwa pale juu ya jamvi. Hana mume, hana mtoto, hana nyumba yake. Alichokuwa nacho Mabawa nzima ni kwamba yeye ndiye mwenye picha.

"Mama Ramesh," akasema, "Kihindi sikijui. Hata neno moja."

Mikono yote ikasimama. Nilitamani kinu kinimeze. Bi Riziki akasema, pole pole, "Miaka yote hii, Mwanahawa?"

"Miaka yote," akasema Shangazi. "Mimi nilikuwa naangalia nyuso."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mtu mmoja alianza kukusanya miyaa yake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijua kwamba mtu mzima anaweza kuaibika, na kwamba ni mimi niliyemletea.

Mama Ramesh ndiye aliyesema. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha kupima na kufunga, lakini alikipanga neno kwa neno. Alisema picha ile ameiona yeye pia, alikwenda na wake wa shemeji zake. Mume alikwenda kazini kwa gari moshi, ndiyo. Barua ilikuja, ndiyo. Lakini barua haikusema ameoa. "Barua imesema mume amekufa," alisema. "Kwetu mume akifa, mke havunji bangili mwenyewe. Wanamshika, wanamvunjia." Kisha akasema waliposhika mikono ya yule mwanamke yeye aliinuka, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za sinema mpaka mwisho. Hakuona kilichofuata. Wenzake hao hakuwauliza, na wao kwa kumwonea huruma hawakumwambia. "Nimekuja kuuliza," akasema. "Baada ya pale, ikawaje?"

Basi hiyo ndiyo picha ya kweli, kama mnavyoisikia. Bi Riziki, ambaye mikono yake haikuweza kukaa bure mtu akizungumza, alikuwa ameanza ukili kwa miyaa myeupe tangu Mama Ramesh alipofungua mdomo. Hakuna aliyemwambia rangi. Mama Ramesh aliponyamaza akaukata. Shubiri moja na vidole viwili.

Shangazi akashuka kwenye kigoda, akakaa chini karibu na mgeni, magoti kwa magoti. Akamwomba radhi. Wanawake wote pale walijua aliyekuwa mumewe, mtu wa Bweni, alikuwa amemwachaje. Mimi sikujua, nilikuja kujua wakati ule. "Ile barua haikuwa ya kwenye picha," alimwambia Mama Ramesh. "Ile ilikuwa yangu. Nimeona mwanamke analia juu ya karatasi, nikaisoma yangu."

Akamweleza alichokiona baada ya bangili, safari hii bila ya kutia chumvi, kama mtu anayetoa ushahidi. Mwanamke alivaa nyeupe. Alijifungua mtoto wa kiume. Aliteka maji, alifua, mtoto akakua. Mwisho kabisa akaja mwanamume mwenye masharubu na mfuko begani, akasimama mlangoni. Mwanamke akamwona, mtungi ukamtoka mkononi, taa zikawaka. Ndiyo yote. Yeye alidhani ni mume amerudi. Sasa, kama mume alikufa, hajui yule ni nani. Mama Ramesh akawaza, akasema huenda ni shemeji. Huenda ni mtu ameleta vitu vya marehemu. Au huenda barua ilikosea. Hakuna aliyejua. Mwenye lugha hakuona, na aliyeona hakuwa na lugha.

Bi Riziki akakiokota kile kijikaratasi cha rangi. Mwanamke yule hakuwa mtu wa kubembeleza, sikumsikia hata siku moja akimsifu Shangazi, wala mtu mwingine. Akakitikisa karibu na sikio, akamwuliza Shangazi, "Sasa hii niichemshe, au twende zetu majumbani?"

Alikuwa anauliza kama hadithi ipo au haipo. Wote wakamtazama Shangazi. Yeye akamgeukia Mama Ramesh, na kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake kabla, sauti ya mtu anayeomba ruhusa kuingia chumbani mwa mtu, akasema:

"Nimrudishe?"

Mama Ramesh aliitazama mikono yake. Kuku walipita, wakarudi. Nilidhani hakusikia.

"Mrudishe," akasema.

Sufuria likatiwa maji, moto ukachochewa, rangi ikamwagwa. Miyaa ilitolewa ingali ya moto na mbichi ikagawanywa, na Bi Riziki, bila ya kuuliza, akamwekea Mama Ramesh miyaa minne mapajani akamwonyesha jinsi ya kuanza. Hakuweza. Aliishika tu, akiibana na kuiachia, na Shangazi akaanza kuhadithia.

Siwezi kuirudia. Nimejaribu mara nyingi, kwa wanangu na kwa wajukuu, na inanifia mdomoni. Nitasema tu kwamba hakufuta kifo. Aliacha barua iseme amekufa, na mji mzima uamini, na mama mkwe alie kilio cha kweli, maana Shangazi alimsamehe siku ile hata mama mkwe. Bangili alizivunja tena, safari hii kwa mikono ya watu. Miaka akaipitisha mmoja mmoja, tulihisi uzito wake. Na mume akaja kwa miguu, kati ya mistari ya mkonge, amekonda, anasikiliza. Anakwenda nyumba kwa nyumba anasikiliza mlio, hausikii. Akampita mkewe kisimani, akampita kabisa, kwa sababu alizoea kumtafuta kwa masikio. Mke ndiye aliyemwita. Akageuka, akaitazama mikono, akamwuliza nani kakuvua. Akajibu, wewe.

Mama Ramesh alilia. Hakulia kwa kuficha, alilia na mdomo wazi kama watoto, na Shangazi alilia naye huku anahadithia, maneno hayakatiki. Mama yangu alilia. Bi Riziki akasema moshi huu, na moto ulikuwa umekwisha kuzimika. Mwadhini alipoadhini magharibi ukili ulikatwa ukapimwa: pima tatu na shubiri. Hapakuwa na mrefu kama huo kabla, wala hapakutokea baadaye.

Mama Ramesh alipoinuka ndipo tukaona mikono yake. Miyaa mbichi ilikuwa imemshika rangi, viganja, vidole, ikamzunguka mpaka kwenye vifundo. Mama akamletea maji na sabuni. Akayatazama maji, akashukuru, hakunawa. Akamwambia Shangazi, "Picha yangu nimeimaliza," akajivuta sari, akatoka. Juma zima lile nilipotumwa dukani nilikuta anapima sukari kwa mikono myekundu. Nilimwomba radhi, mama yangu kanifundisha la kusema, nikalisahau lote nikabaki nimeinama. Akanambia nimsalimie shangazi yangu.

Sikuchapwa. Shangazi aliniita usiku ule wakati wa kulala, akanibana sikio kidogo, kwa desturi tu, akasema siku nyingine nikitaka kumsifu nimsifu kwa alichonacho. Tangu hapo Mama Ramesh alikuja kila alasiri ya hadithi. Kabla ya kuanza walikaa pembeni wawili, akimweleza hiki kwetu ni hivi, kile ni vile, na Shangazi anaitikia kwa kichwa. Wengine wakawa na wasiwasi kwamba sasa hadithi zitaletwa na Mama Ramesh. Bi Riziki akakata shauri mbele ya wote: Mama Ramesh atamwambia Mwanahawa walisema nini, na Mwanahawa atatuambia ilikuwaje.

Ukili wa picha zote hizo Shangazi aliuweka kwenye kapu, na alipokwisha kuwa mzee aliushona mkeka huu, kwa mpango, picha baada ya picha kama zilivyofuatana. Hakuna kilichookotwa. Wajukuu wananiuliza ile picha iliitwaje, waitafute, siku hizi kila kitu kinapatikana. Silijui jina lake. Ningelijua nisingewaambia.

Juzi Zainabu alikuja kunitembelea. Alikaa juu ya mkeka, viatu kavua, na kwa mkono alikuwa anapapasa kijani, nyeusi, zambarau, kama mtu asiye na haja. Alipofika kwenye cheupe mkono ukasimama. Akaniuliza, safari hii bila ya ulimi, Bibi alikuwa na haja gani na kipande hiki cheupe. Nikamsimulia kama nilivyowasimulieni nyinyi. Akatanua kiganja juu ya kile cheupe akakipima: shubiri moja na vidole viwili, barabara.

"Kwa hiyo hii," akasema, "ndiyo iliyokuwa picha?"

Nikamwambia ndiyo, hiyo. Huo mwingine wote uliokalia ni shangazi yangu.